Bi Mkono na Milango Miwili

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka mama ambaye wengi wenu hamkumjua. Kazini walimwita Bi Mkono, na kazi yake ilikuwa kulisha mbu. Narudia, kwa aliyefungua redio sasa hivi: kulisha mbu.

Si utani. Katika kituo cha utafiti wa malaria, kile kinachogharamiwa na serikali, kuna chumba chenye joto na unyevu, kimejaa vizimba vya wavu. Humo wanafugwa mbu safi, wasio na vimelea vya malaria. Watafiti wanawatumia kupima dawa mpya ya vyandarua. Mbu jike asipopata damu hatagi, na asipotaga, utafiti unasimama. Damu ilikuwa ya Bi Mkono. Alikunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akaingiza mkono kizimbani, akatulia mpaka washibe.

Mumewe, fundi cherehani, alipenda kuwatania wateja wake. "Nyie mnalalamika serikali inawanyonya. Mke wangu ananyonywa kwelikweli!"

Chumba kile kina milango miwili, wasikilizaji. Unaingia wa kwanza, unaufunga, unasimama kwenye kijia chembamba chenye giza, ndipo unafungua wa pili. Haifunguliwi yote kwa pamoja, mbu wasije wakatoroka. Mama huyu aliizoea sheria hiyo hadi akaihamishia nyumbani. Mlango wa uani ukiwa wazi, wa mbele haufunguliwi. Joto likizidi, mumewe analalama, "Mama, hapa hakuna mbu wa serikali!" Mkewe anacheka, lakini mlango anaufunga.

Na hebu sikieni jambo hili. Aliajiriwa kushikilia tu. Mlishaji wa kwanza aliugua, mkuu wa maabara akamwambia, "Dada, shikilia kidogo, tunatafuta mtu." Shikilia kidogo! Wakati ule binti yake alikuwa bado ananyonya. Mama akiwa bado ameshikilia, binti akaota meno, akasoma, akaolewa mji wa mbali. Mashine ya kuwalishia mbu iliahidiwa. Bajeti ikaja, bajeti ikapita.

Mara moja tu alichomoka. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Nafasi yake ikashikwa na mama wa usafi, mtu mwenye moyo mzuri, ambaye asubuhi alijipaka mafuta ya kunukia kama ilivyo desturi yake. Hakuna aliyemkataza. Mbu wakamgomea. Mpaka watu wanagundua, vizimba vilikuwa vimejaa mbu waliokufa.

Binti yake anasimulia: "Mama alikuwa amempakata mjukuu wake, hata kumwogesha bado. Simu ikalia. Akanirudishia mtoto, akasema, 'Wanakufa, mwanangu.' Nilikasirika, nikamwambia, 'Mama, hao ni mbu!' Akanijibu huku anavaa viatu, 'Najua ni mbu. Unadhani narudi kwa nini?'"

Tangu siku hiyo hakuomba likizo tena. Tusimpambe marehemu, wasikilizaji wapendwa. Hakwenda kazini akiimba. Alichoka. Alimkumbuka mjukuu mpaka akalia jikoni, na kuna asubuhi aliwachukia mbu wale, akamchukia na mkuu wa maabara. Lakini kila alipofikiria kuondoka, aliziona wodi za watoto wenye homa, akavaa viatu. Mumewe anakumbuka alivyomwambia wakila chakula cha mchana: "Kile kijia cha katikati, baba, ndipo ninapoishi. Nyuma nimeshafunga, mbele sijafungua."

Mwaka huu kibali cha kustaafu kikatoka. Binti akamtandikia kitanda kule kwake, karibu na cha mjukuu. Ila vyandarua vipya vilikuwa kwenye jaribio la mwisho, na mkuu mpya akamwendea kwa unyenyekevu. "Mama, tafadhali, shikilia kidogo."

Akashikilia.

Jaribio likafaulu. Vyandarua vile sasa wanapewa wajawazito kliniki. Wiki ileile ya matokeo, Bi Mkono alianguka nyumbani kwake akifunga sanduku la safari. Moyo ulisimama. Hakufika kwa binti yake.

Siku ya mazishi jeneza lilikuwa sebuleni, na wabebaji wakataka kufungua mlango wa mbele. Dada wa marehemu akapiga kelele, "Ngojeni! Wa uani uko wazi!" Nao wakangoja kweli, jeneza likiwa mabegani, maana kila mtu aliijua sheria ya nyumba ile. Mtu akakimbilia uani kwenda kufunga. Fundi akamzuia.

"Uacheni," akasema. "Na huu fungueni. Leo apite."

Tunampa pole fundi wetu, tunampa pole binti na mjukuu, na wote waliobaki kituoni. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkishusha chandarua, mkumbukeni Bi Mkono. Na kama leo kuna mtu umemwambia ashikilie kidogo, nenda kamwambie mpaka lini.