Sihaba binti Mtoro, Mpishi Aliyewakataa Samaki wa Baruti (1921–1978)

Bismillahi. Jamaa, majirani na nyote mliokuja kusoma hitma, haya ni maisha ya Bi Sihaba binti Mtoro bin Mwinyijuma, tuliyemzika Ijumaa iliyopita. Yameandikwa na binti yake Mardhiya, kama marehemu alivyomsimulia kitandani, na yanasomwa na mpwa wake Rajabu. Marehemu aliagiza pasipunguzwe kitu kwa kuogopa uso wa mtu. Hakikupunguzwa.

Alizaliwa mtaa wa Magomeni, hapa Bagamoyo, mwezi wa Rajabu mwaka 1339, yaani Machi 1921. Baba yake, Mzee Mtoro, alikuwa akinunua nazi mashambani na kuziuza mjini. Mama yake, Bi Mina, alitoka kwa wakulima wa Mapinga. Sihaba alikuwa wa kwanza kuzaliwa, akafuatiwa na Ashatu, mdogo wake, ambaye tunaye hapa.

Alisoma chuoni, chuo cha Kurani, na akahitimu akiwa na miaka kumi na miwili. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba nusu ya masomo yake aliyapata jikoni kwa mke wa mwalimu, ambako wasichana walitumwa kukuna nazi. Siku moja alionja mchuzi bila kuombwa, akasema chumvi haijafika. Alifinywa sikio mpaka likawa jekundu. Kesho yake mke wa mwalimu alimwita chemba, akampa upawa, akamwuliza, "Na leo je?" Kuandika alijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima mwaka 1970, na neno la kwanza kuliandika baada ya jina lake lilikuwa jina la mumewe.

Kazi yake ilikuwa upishi wa shughuli. Aliianza mwaka 1938 chini ya shangazi yake na hakuiacha mpaka kifua kilipomkataza moshi. Alipika arusi, maulidi, matanga na hitma, kuanzia hapa mjini mpaka Saadani. Ilifika mahali watu wakasema arusi isiyo na mkono wa Sihaba ni watu kukutana tu. Alikuwa mkali. Aliyekuja jikoni kwake na maneno ya nyumba ya watu alipewa vitunguu amenye.

Mwaka 1940 aliolewa na Mwishehe Seleman, mtu wa Saadani, fundi wa kusuka madema, ile mitego ya fito inayolazwa mwambani. Mwishehe alisuka kwa matundu mapana ili samaki wadogo wapite. Bibi arusi hakupendezwa. "Unaniletea watatu, na wengine umewafungulia mlango," alimwambia mwaka ule wa kwanza. Mwishehe akacheka. "Yule mdogo mwache akue. Utampika mwakani." Waliishi hivyo miaka ishirini na mitano. Mwenyezi Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Mardhiya, mwaka 1946.

Jumatatu tarehe 6 Septemba 1965, Mwishehe alikwenda Fungu la Tende, mwamba aliokuwa akitegea tangu ujana wake, akazama kukwamua dema. Alirudishwa adhuhuri ndani ya mashua ya Msabaha, mfanyabiashara wa samaki, jirani wa mtaa wa pili. Msabaha alisema, "Nimemkuta anaelea." Waliomwosha hawakuona jeraha, wala mkwaruzo, ila damu kidogo masikioni na puani. Pakasemwa ni ajali ya maji. Wengine wakasema ni jini wa mwambani. Jioni ile Msabaha alileta msibani tenga la samaki, changu, sadaka yake kwa wafiwa, na watu wakamwombea dua.

Ashatu ndiye aliyekaa uani kuwapasua. Chungu cha kwanza kilikwisha kupakuliwa na watu wanakula. Alipofika tenga nusu alisimama mlangoni mwa chumba alimokaa mfiwa.

"Dada, samaki hawa siwaelewi. Ngozi nzima, ndani wamevunjikavunjika."

"Niletee mmoja," marehemu alisema.

Aliletewa. Magamba yalikuwa yanang'aa, jicho zima. Akautia mkono tumboni. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika vipande na tumbo limejaa damu. Sihaba alikuwa ameshika samaki kila siku ya maisha yake, na alijua kwamba ndoano haifanyi hivyo, wala wavu, wala dema. Kinachofanya hivyo ni baruti. Akamtazama yule samaki, akakumbuka damu ya masikioni. Akamwambia Ashatu, "Waliobaki wafukie. Usiseme na mtu." Huko nje waliokuja kumzika mumewe walikuwa wanajilamba vidole.

Alikaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi, bila kulitaja jina la Msabaha. Alitoka kumi la mwisho la Ramadhani, akaenda moja kwa moja polisi. Askari alimsikiliza kwa adabu, akamwuliza aliyeona ni nani. Hakuna aliyeona. Mashua ilikuwa na watu watano na wote riziki yao ilitoka kwa Msabaha. Marehemu akashukuru, akatoka. Siku ile ile alasiri, saa ambayo wanawake hununua samaki wa futari, alikwenda sokoni na kibao cha kukalia na kisu. Akakaa mbele ya meza ya Msabaha.

"Bi Sihaba, nikuuzie nini?" Msabaha alimwuliza.

"Sikuja uniuzie kitu. Nimekuja kuwasaidia wenzangu kupasua."

Na akawapasulia, bure. Kila aliyenunua pale alipasuliwa samaki wake hadharani, akaonyeshwa uti uliokatika na damu iliyoganda. Aliwafundisha kumshika samaki kichwani na kumwinua: wa ndoano hukaza, wa baruti hulegea kama kitambaa. Hakumtukana mtu. Alisema tu, "Huyu kafa kama alivyokufa mume wangu," kisha akamwita anayefuata. Alifanya hivyo kila alasiri isiyokuwa na shughuli, kwa miaka mitano na kitu.

Ukweli usemwe, watu hawakumfuata. Samaki wa Msabaha waliuzwa nusu ya bei na nyumba zina watoto. Wanawake waligeuza nyuso, wakanunua na kufunika kapu kwa khanga. Marehemu alikuwa na silaha moja tu, nayo ni chungu. Akatangaza kwamba nyumba itakayoingiza samaki wa baruti hatoipikia: si arusi, si maiti. Alilisimamia neno lake hata kwa jamaa. Mwaka 1967 aliondoka katikati ya shughuli ya binamu yake wa Mapinga, akaacha wali motoni, kwa sababu ya kapu moja lililofichwa nyuma ya mlango. Wengi wenu mlimwita mchawi wa sokoni. Mardhiya anawajua waliomwita hivyo na baadhi yao wameketi hapa.

Kufika mwaka 1969 mambo yalianza kujionyesha yenyewe. Samaki wa mwambani walikwisha, tasi kwanza, kisha pono. Wanawake waliokwenda kutafuta pweza Fungu la Tende wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, walirudi na vikapu vitupu. Wakasema matumbawe yamekuwa kifusi cheupe, ukikanyaga yanavunjika kama vigae, na pweza hana hata shimo la kuingia. Walimjia uani kwake, watano au sita, kumpa pole iliyochelewa miaka minne.

"Msabaha ametumaliza," mmoja alisema.

Marehemu alikuwa anachekecha unga. Hakuinua uso. "Msabaha alitupa baruti. Nyinyi ndio mlioula mwamba, kila jioni, kwa ugali na kwa wali. Niliwapasulia mkaona, mkaenda mkapika. Sasa mnataka nilie na nyinyi?"

Hakulia nao. Aliwapa maji ya kunywa na wakaondoka. Lakini toka siku ile meza ya Msabaha ilianza kupungua watu, maana hata yeye sasa alileta vidagaa tu, na tena kwa bei kubwa.

Mwaka 1971 Msabaha alikuwa anaoza binti yake, Tabia. Mara mbili alituma wazee kumwomba Bi Sihaba apike, na mara mbili wakarudi mikono mitupu. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, akapiga hodi, akakaa kwenye kizingiti.

"Mtoto hana kosa, Bi Sihaba."

"Hana. Nitampikia." Msabaha akashusha pumzi. Marehemu akaendelea, "Lakini samaki wa kupaka watoke kwenye mashua yako."

"Tunachinja ng'ombe wawili."

"Chinja. Na samaki walete. Mwenye mashua anaoza binti bila samaki, wakwe watasemaje?"

Siku ya arusi, Jumapili tarehe 26 Septemba, pilau ilikuwa nzuri na mpaka leo inatajwa. Chakula cha bibi arusi marehemu alikipika peke yake, na Tabia, ambaye amekuja kutupa pole, anaweza kushuhudia. Hakuna mgeni aliyepewa samaki. Ila lilipofika siniya la wazee barazani, alipoketi Msabaha na wakwe zake wapya, Sihaba alilibeba mwenyewe, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke. Akaliweka mkekani, akafunua kawa. Wali mweupe, na juu yake changu wazima waliopakwa nazi na ukwaju mpaka rangi ya dhahabu. Hakuwa amewapasua matumbo. Akamchukua mkubwa wao, akamfungua kwa vidole mbele ya macho ya wote. Mfupa ulikuwa vipande vitatu, damu imeiva nyeusi.

"Mwishehe uliniletea hivi, Msabaha," alisema kwa sauti ya kawaida. "Juu mzima, ndani hivi. Na jioni ile ukawalisha waliokuja kumzika. Leo kula wewe."

"Bi Sihaba, hii ni arusi."

"Ile ilikuwa maziko."

Wakwe walikuwa wanamtazama. Msabaha alinyoosha mkono, akachukua tonge moja, akatia kinywani. Marehemu alisimama pale pale mpaka alipoliona koo lake limemeza. Kisha akajifunika buibui, akarudi jikoni, akamwambia Ashatu anasikia njaa. Alikula sahani mbili. Ashatu anasema hakuwa amemwona dada yake akila kwa hamu tangu msiba.

Kwenye mkeka ule alikuwepo mtu aitwaye Mgeni, mzamiaji wa Msabaha tangu zamani. Asubuhi yake Mgeni alikwenda polisi kwa miguu yake, akasema baruti zilipo. Baruti zilikutwa chini ya kitanda cha Msabaha, ndani ya debe la mchele. Alifungwa miaka mitatu kwa baruti hizo. Kwa kifo cha Mwishehe hakushitakiwa, kwa kuwa Mgeni aliapa kwamba siku ile hakuwamo mashuani na wenzake wanne walikataa kusema. Marehemu alihudhuria kesi kila siku iliposikilizwa. Hukumu iliposomwa alisema, "Hii ni ya samaki," akaenda zake.

Maradhi ya kifua yalimwanza mwaka 1976. Mwanzoni mwa mwaka huu alilazwa hospitalini wiki mbili, kisha akaomba arudishwe nyumbani kwake. Mwezi uliopita, Msabaha alikuja kumwona. Alikuwa amezeeka, mashua alikwisha kuiuza. Mardhiya alitaka kumzuia mlangoni, mama yake akasema mwache apite.

"Nimekuja kuomba radhi," Msabaha alisema. "Sikumwona. Naapa sikujua kama yuko chini."

Baada ya miaka kumi na miwili na zaidi, hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kukiri. Marehemu alingoja kikohozi kipite.

"Dema lake lilikuwa na boya," alisema. "Jeupe. Uliliona?"

Msabaha akaanza kuinuka.

"Nimekuuliza, uliliona?"

"Niliona boya."

"Basi umekuja kuniambia, nami nimekusikia. Nenda."

"Na radhi, Bi Sihaba?"

"Ngoja huko tunakokwenda sote. Huko yupo mwenyewe, Mwishehe. Kamwombe yeye. Mimi sina ya kukupa."

Alifariki Ijumaa tarehe 14 Aprili 1978, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ashatu. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri, pembeni ya kaburi la mumewe.

Ni desturi katika kikao kama hiki familia kuwafikishia waliomkosea marehemu msamaha wake. Basi jamaa, wanawake wa soko, na wote waliomsema vibaya, amewasamehe. Alisema hivyo mara mbili. Mgeni amemsamehe kwa nusu aliyosema, si kwa nusu aliyoficha. Msabaha hakumsamehe, na aliagiza mtu yeyote asimsamehe kwa niaba yake. Familia ilikaa siku nzima ikajadili kama ni busara kulisoma jambo hili, na Mardhiya akasema mama yake hakuomba ushauri. Msabaha ameketi nyuma, karibu na mlango. Hakufukuzwa, na chakula atapewa kama wengine.

Marehemu ameacha binti mmoja, Mardhiya, wajukuu watatu, mdogo wake Ashatu, na mpwa wake Rajabu. Mwenyezi Mungu amrehemu Sihaba binti Mtoro, amkutanishe na Mwishehe wake, awape wote wawili utulivu walionyimwa hapa, na haki yao aisimamie Yeye. Amin.