Chumba Chenye Sinki Fupi

Risala ya wazazi wanaosoma kwa ruzuku, pamoja na akina bibi wanaowalelea watoto, kwa mwenyekiti wa mfuko wa ruzuku alipotutembelea chuoni

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa mfuko unaowasomesha wazazi wasio na uwezo, Mkuu wa Chuo chetu cha ufundi, walimu wote, na nyinyi wadogo mliokalishwa mikekani hapo mbele mkaambiwa mnyamaze:

Karibu sana. Tulijua kuwa unakuja kweli tulipoona chuo kimefagiliwa mpaka nyuma ya choo.

Usishangae kumwona mwanamke mwenye mvi amesimama hapa na miwani ya kuazima. Wenye risala yao, yaani wazazi wanafunzi, saa hii wako karakana kwenye mtihani wa vitendo, nao mtihani haumsubiri mgeni. Wakaniambia, "Bibi, tusomee wewe." Nikawaambia mimi niliishia shule ya msingi, tena miaka hiyo. Baba Kofia, mwanafunzi wa useremala asiyevua kofia hata usingizini, akanijibu, "Bibi, risala haina maksi. Soma tu, ukikwama kohoa." Basi mkinisikia nakohoa, sina mafua.

Na mimi sijui kuanza maneno mikono mitupu. Kitendawili! Nasikia mmesema "Tega." Haya: nimemwagilia mche mmoja, shamba zima limechipua. Usijibu sasa, mgeni rasmi. Kaa nacho huko ulipo, tutakutana mwisho wa karatasi.

TULIKOTOKA

Mfuko wako ulipotangaza ruzuku kwa wazazi, mitaani kwetu habari ilipita haraka kuliko moshi. Tulidhani chuo ni cha wasio na watoto. Mtu akishajifungua, vitabu humpungia mkono wa kwaheri. Kumbe yuko aliyetukumbuka! Ruzuku ikalipa ada, ikalipa vifaa, ikalipa na nauli. Mlango ukafunguka. Ila mlango ule ulikuwa wa kupita mtu mmoja mmoja, na wanetu wanakuja na mzigo mgongoni.

Nitakutolea mfano wa nyumbani kwangu, maana wa jirani nitauharibu. Binti yangu wa mwisho, tunamwita Mama Pacha, alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu. Tangu utotoni alipenda umeme. Alinifungulia pasi yangu akaitawanya sakafuni, na alipoirudisha ikawa inapata moto kuliko mwanzo. Baba wa watoto alikwenda kutafuta maisha, na mpaka leo anatafuta. Binti akaomba ruzuku, akapata. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alikuwa shule; pacha wake, wasichana wawili, walikuwa bado wananyonya.

Mimi nami nilikuwa na meza yangu ya mboga sokoni, na nisipoifungua hatuli. Akawaacha watoto kwa jirani. Jirani akapata msiba, akasafiri. Binti akawabeba mpaka darasani, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Mwalimu wa umeme akamwambia kwa upole, "Mama, humu mna nyaya." Na alisema kweli, nani atabisha? Akatoka nao nje. Kesho yake akatoka tena, keshokutwa yake hakwenda. Sharti la ruzuku mnalijua kuliko sisi: anayekosa masomo mfululizo hukatiwa. Akakatiwa.

Siku hiyo alirudi, akavua ovaroli ya chuo, akaikunja vizuri, akailaza chini ya godoro. Hakulia. Mimi nilikuwa nataka alie.

Mfuko wako una huruma. Humpokea tena aliyeanguka mara moja. Binti alipopokelewa tena, akina bibi tukakaa kikao. Tukasema wanetu hawa wakianguka mara ya pili hakuna wa kuwainua, maana sheria yenu inasema mara ya pili ndiyo ya mwisho. Tukapanga zamu: leo mimi sokoni, wewe ulee; kesho wewe kwenye mkaa wako, mimi nilee. Tukaja na wajukuu mpaka hapa chuoni, tukakaa nje ya uzio kwenye jua, ili kengele ya mapumziko ikilia mama atoke anyonyeshe arudi.

Mkuu wa Chuo akapita akatuona tumejipanga na makanga yetu. Akauliza, "Mama zangu, mnauza nini hapo?"

Bibi Taratibu, mwenzangu asiyekimbia hata mvua, akamjibu, "Hatuuzi, baba. Hawa ni wa kwetu."

Mkuu akaendelea na njia yake. Kesho yake tukakuta amefungua stoo ya viti vibovu, imefagiliwa, ina dirisha na bomba la maji. Akasema, "Ingieni kivulini." Wema huo hatuusahau, Mkuu, na tunautaja mbele ya mgeni makusudi.

TULICHOVUNA

Mgeni rasmi, ukipanda mbegu usiione ikiota, utadhani ndege wamekula. Basi tukuonyeshe.

Kile chumba kila fani imekitia mkono. Wanafunzi wa uashi walipiga plasta ukutani. Wa mabomba wakafunga sinki, wakalipima kwa kimo cha watoto, likawa fupi kweli kweli. Watoto wananawa wenyewe, ila sisi akina bibi tukiosha vikombe tunapiga magoti kama tunaomba ruzuku. Wa ushonaji walihitaji watu wa kupima, wakawapima wajukuu zetu, wakawashonea wote sweta za kitambaa kimoja, zenye kofia.

Hizo sweta zilituletea kioja. Jioni moja mvua ilinyesha, watoto wote wakavishwa kofia mpaka puani. Baba Kofia akaja mbio, akambeba mtoto wa kwanza mlangoni, huyoo! Alipofika kituo cha basi akamfunua kofia ampanguse pua. Mtoto akamtazama, akasema, "Wewe siyo mama."

"Ndiyo, mimi baba."

"Mimi sina."

Kumbe kabeba pacha wangu mkubwa! Huku chumbani, binti yake mwenyewe, Kidoti, amesimama mbele yangu ameshika kiuno kama mwenye nyumba: "Bibi, baba yangu kaondoka na mtoto wako." Nikamwambia, "Tulia, atamrudisha mwenyewe. Huyo wa kwetu anakula sana." Na kweli, alirudi ameloa chapachapa, kamshika pacha mkononi, na pacha ana andazi. Tangu hapo kila sweta ina kifungo cha rangi yake.

Lakini sikiliza na hili lisilochekesha. Tangu chumba kile kifunguliwe, hakuna mzazi wa ruzuku aliyekatiwa kwa kukosa masomo. Hata mmoja. Mtoto akipata homa, mama yuko hatua chache tu, anakuja anamwona, anamnyonyesha, anarudi kwenye nyundo yake. Mama Pacha amebakiza muhula mmoja. Taa hiyo iliyo juu ya meza yako, mgeni rasmi, ameifunga yeye. Kama inawaka, tunaomba makofi. Kama imezimika, nitaruka mstari huu.

MFUPA ULIOTUKAA KOONI

Hapa ndipo ninapokohoa.

Chuo kimepata msaada wa kompyuta. Bado zimo ndani ya maboksi ukumbini; hilo pazia unaloliona nyuma yako limezifunika. Tunazifurahia, nani asiyetaka wanetu wajue kompyuta? Lakini kompyuta zinataka chumba chenye mlango imara, na chumba kilichoonekana ni kile chetu. Tumeambiwa muhula ujao ukifunguliwa, watoto wasije.

Mkuu hana ubaya. Tulipomwendea alishika kichwa akasema, "Mama zangu, nifanye nini? Nina chumba kimoja na wageni wawili." Tukamwelewa. Ila kuelewa hakumlazi mtoto.

Kazi ya kutengeneza meza za kompyuta akapewa Baba Kofia. Ndio mtihani wake wa vitendo. Juzi akaja na futi yake ya kupimia, akapima ukuta ule ule ambao Kidoti hulala chini yake mchana. Mtoto kwa kupenda kazi ya baba yake akamshikia ncha ya futi, kaibana kwa vidole viwili, kanyoosha mkono.

"Baba, unapima nini?"

"Meza, mwanangu."

"Ya kunywea uji?"

Baba Kofia akaikunja futi, akatoka nje. Aliporudi anafuta macho akaniambia, "Vumbi la mbao hili, Bibi." Na siku hiyo alikuwa hajaranda hata ubao mmoja.

Nyumbani nako, Mama Pacha amekuwa mtu wa kunyamaza. Ananipimia maneno. Jana asubuhi nimemkuta anaitazama ile ovaroli kwenye kamba, nikamuuliza, "Haijakauka?" Akasema, "Imekauka, mama. Naiangalia tu." Mgeni rasmi, mimi mama yake naijua ile kuangalia. Anawaza chini ya godoro. Muhula mmoja tu umembakia, na akikosa masomo safari hii, sheria yenu haina mara ya tatu. Nami magoti yangu hayawezi tena kukaa nje ya uzio, na jua la siku hizi si lile la mwaka ule.

Mtu atauliza: kwani watoto wasihamishiwe kwenye stoo ya rangi iliyo nyuma ya ukumbi? Tumeingia humo na Bibi Taratibu. Tulitoka mbio, na Bibi Taratibu hajawahi kutoka mbio popote. Haina dirisha wala maji, na harufu ya rangi inapanda kichwani. Mtoto hawezi kukaa pale. Lakini tukatazamana, tukasema: kompyuta je? Kompyuta hainywi maji. Haikojoi. Haiombi dirisha, wala hailii ikimkosa mama yake. Kinachokosekana ni paa tu, maana linavuja, na mlango.

OMBI LETU

Mkuu aliisoma risala hii jana, akaniambia, "Bibi, maombi yawe mafupi." Nimetii. Ombi ni moja.

Tunaomba chumba chenye sinki fupi kibaki cha watoto, na kompyuta zikae kwenye stoo ya rangi. Hatukuombi utujengee. Wanafunzi wa uashi wamekubali kupiga plasta, wa umeme watavuta nyaya, na Mama Pacha ameshajiandikisha wa kwanza. Baba Kofia amesema mlango atautengeneza yeye, tena mlango wa kumshinda mwizi na ndugu zake. Mfuko wako utusaidie mabati na kufuli. Mkuu ameniruhusu kusema kwamba akipata hayo mawili, yeye hana neno. Na mmesikia wote, yupo hapa, anatikisa kichwa kukubali. Mkuu, tikisa kidogo mgeni akuone.

Na siku chuo kingine kitakapokuja kwako kuomba kupelekewa wazazi wa ruzuku, kabla hujakiuliza kina karakana ngapi, kiulize watoto watakaa wapi. Hilo si ombi la pili. Hilo ni la kwako la kwenda nalo.

TUNAAGA

Sasa turudi kwenye deni letu. Nimemwagilia mche mmoja, shamba zima limechipua. Umepata?

Kama hujapata, mila ya kitendawili unaijua tangu utoto wako: anayeshindwa hutoa mji, ndipo apewe jibu. Basi tupe mji. Lakini sisi mji mzima tutaupeleka wapi, mgeni rasmi? Tukipewa tutakaa tunaufagia tu. Tunakurudishia mji wako na mitaa yake yote na masoko yake. Tubakizie chumba kimoja.

Jibu ni mzazi anayesoma. Nyumbani kwangu ulimlipia ada Mama Pacha peke yake. Leo pacha wake wanacheza shule, na anayekuwa mwalimu humkemea mwenzake, "Mama, humu mna nyaya!" Kaka yao mkubwa, aliyekuwa akikimbia hesabu, siku hizi anakaa meza moja na mama yake, wanaulizana. Na mimi niliyeliweka daftari chini miaka hiyo, nimesimama mbele yako nasoma kurasa hizi, na kukohoa kwangu kumekuwa kuchache kuliko nilivyodhani. Maji ulimwagilia mahali pamoja. Tazama yalikofika.

Na kama ulilijua jibu tangu mwanzo, basi hukuhitaji kuambiwa kwa nini tunakiomba kile chumba.

Mungu akupe afya, akulindie wanao na wana wa wanao, akufikishe salama kwa wanaokusubiri. Na kabla ya kula, maji ya kunawa yako kule kule chumbani. Sinki ni fupi, utalazimika kuinama kidogo. Kidoti amekuwekea sabuni, na amesema atakushikia taulo.

Ni sisi,
Wazazi wanaosoma kwa ruzuku, na akina bibi wa chumba chenye sinki fupi