Glasi ya Karela

"Kwaru, kwaru! Kabla hata jogoo hajawika, mke wangu anakwangua karela, lile tunda chungu, jikoni," fundi baiskeli alimwambia mshonaji, jirani yake, aliyeketi naye kwenye basi. "Ananiletea juisi yake kwa ajili ya ugonjwa wangu wa sukari. Uchungu wake si wa kusimulia! Akinipa kisogo, naimwaga dirishani, penye shina la mkarela. Mmea umenona mpaka umepanda paa."

Mshonaji alicheka akashika mbavu. Bibi aliyekaa nyuma yao naye akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Sasa sukari imeshuka. Anasema karela imeniponya, vidonge vya hospitali nivitupe leo."

"Usithubutu, kaka! Vidonge ndivyo vilivyoishusha. Mwambie ukweli."

"Mwaka mzima anaamka gizani kwa ajili yangu, dada. Nimwambie alikuwa akinywesha mmea?"

"Afadhali aililie juisi leo kuliko kukulilia wewe kesho."

Bibi hakucheka tena. Aliona jinsi fundi alivyomhurumia mkewe.

Basi likasimama. Fundi alishuka taratibu, akageuka mlangoni. "Njoo kesho utusalimie, dada, nimwambie ukweli mbele yako. Na keshokutwa uje tena, uone kama bado naishi nyumbani humo."