Mwalimu Conjesta na Usiku wa Udi

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya kupiga na kufundisha muziki wa kale hapa kwenye kituo chetu cha muziki, Azaiba, Maskati, Mwalimu Conjesta Rwegasira anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili 2026 na kurejea nyumbani Bukoba.

Alikuja Maskati kufundisha muziki shuleni. Selo yake, ala kama fidla kubwa ya sauti nzito, ilikuwa ya namna ya kale: nyuzi za utumbo wa kondoo, haina mguu wa chuma, hushikwa kwa magoti. Alitaka muziki wa karne ya kumi na saba usikike kwa ala za wakati ule, na akatukusanya mmoja mmoja mpaka tukawa kundi. Nyuzi hizo haziwezi unyevu wa pwani, kwa hiyo kiyoyozi cha nyumbani kwake kiliwashwa kwa ajili ya selo, si watu. Akinyi, mpiga fidla wetu aliyepanga nyumba moja naye, alilala na sweta mwezi wa Julai, katikati ya joto la Maskati.

Miaka minne iliyopita kundi lilikaribia kuvunjwa. Wafadhili walikuwa wanakuja kusikiliza ili waamue kama tuendelee. Wiki ile ile kiyoyozi cha ukumbi kikaharibika, na ubao wa kinanda chetu cha kale ukapasuka. Bila kinanda hicho, fidla na waimbaji hawana wa kuwabeba.

Mkurugenzi wa kituo, Bi Nasriya, alikata tamaa. "Nnaona bora tuazime kinanda cha umeme," alisema.

"Hicho kitatufunika sote, Bi Nasriya," Conjesta akamjibu. "Tumtafute mpiga udi."

Akampata Hamood, muuza magari wa mtaa wa Wattaya ambaye jioni hupiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kwenye harusi.

"Mwalimu, mie noti sizijui," Hamood akamwambia.

"Sikio unalo. Tuanze hapo."

Katika muziki ule, sehemu ya kinanda huandikwa sauti ya chini tu, na mpigaji hujaza mwenyewe zilizobaki. Conjesta akawa anapiga ile sauti ya chini, Hamood anaifuata kwa udi, wakikosea na kurudia, hadi wakaelewana. Siku ya onyesho Conjesta aliingia jukwaani na selo yake. Baadaye alikiri kwamba hajawahi kuogopa hivyo. Lakini udi ulipoingia chini ya fidla, wazee waliokuja kwa heshima tu wakainama mbele kusikiliza. Mwisho waliomba wimbo wa kwanza urudiwe. Wafadhili wakabaki nasi.

Kinanda kilitengenezwa, lakini Hamood hakuondoka. Alijifunza noti, na kuanzia Mei ndiye atakayeliongoza kundi.

Kwenye mazoezi ya wiki iliyopita, Conjesta aliketi kwenye viti vya wasikilizaji kwa mara ya kwanza. Alisikiliza hadi mwisho, akapangusa macho, kisha akamwita Hamood. "Mnakwenda vizuri," alisema. "Fungeni ule mlango tu, unyevu unaingia."

Huko Bukoba anakusudia kufungua darasa la selo kwa yeyote atakayebisha hodi, na Akinyi ameshaahidi kwenda kumsaidia likizo ijayo.

Mwalimu, ahsante kwa kutusubiri kila tulipochelewa kuelewa. Tunakuombea afya njema, mikono isiyochoka, na nyumba yenye wanafunzi wengi.