Mungu Akipenda na Barabara Ikifunguka

Baada ya miaka ishirini na sita na miezi miwili ya kazi, Mama Kanyere Séphora, mkuu wa protokole, yaani wa matangazo na mapokezi ya wageni, wa paroisi yetu ya Kipresbiteri hapa Rughenda, Butembo, anastaafu leo Jumapili tarehe 2 Machi 2003, siku tatu kabla ya Kwaresima kuanza. Wazee wa kanisa waliniomba niandike wasifu wake katika karatasi hii ya matangazo. Nilikubali upesi, kisha nikaogopa, kwa sababu wakati mnasoma yeye atakuwa ameketi mbele yangu, na kalamu nyekundu ya ofisi bado iko mkobani mwake.

Mama Séphora alizaliwa Kipese mwaka 1941, katika familia ya wakulima wa viazi. Aliingia kazi hapa Januari 1977, akiwa wa kufagia hekalu na kupanga mabenchi. Mwezi wa tatu tu wa kazi, mzee aliyesoma matangazo alikauka sauti kwa mafua, na Mama akaazimwa karatasi ya matangazo kwa Jumapili moja. Hadi leo hajairudisha.

Tangu siku hiyo, hakuna mtu wa paroisi hii aliyezaliwa, aliyebatizwa, aliyeoa, aliyesafiri au aliyezikwa bila kupita kwanza katika kinywa chake. Maombi ya nyumba kwa nyumba, zamu za kufagia, mazoezi ya kwaya, ziara kwa wagonjwa, vyote viko katika madaftari yake kumi na moja. Ndege inapopita juu ya bati letu kuelekea uwanja wa Rughenda, yeye huinua kidole kimoja, husubiri ipite yote, kisha huanza tangazo upya tangu mwanzo. Pasta Jacob amezoea. Anasema akiona ndege tatu kwa Jumapili moja, yeye mwenyewe anafupisha mahubiri.

Alikosea? Ndiyo, na tunamshukuru kwa hilo pia. Mwaka 1984 aliandika harusi na msiba katika ukurasa mmoja, mistari ikaingiliana, akasoma mbele ya kanisa zima kwamba familia ya Lusenge itafarijiwa Jumamosi saa nane, na wote waje na moyo wa huruma. Lusenge ndiye aliyekuwa bwana harusi. Sasa ni miaka kumi na tisa Papa Lusenge anawaambia watu, "Mama Séphora alikuwa nabii." Na kila mara mke wake, Mama Bénite, anamjibu bila kucheka, "Endelea tu. Utafarijiwa leo."

Ila kuna kazi moja ya protokole ambayo hakuikosea hata siku moja, nayo ni kupokea wageni. Mnajua desturi yetu: mgeni husimama, hutaja jina na paroisi anayotoka, nasi humpigia makofi matatu. Mwaka 2000, familia kama arobaini za wakimbizi zilipokuwa zinaishi humu hekaluni, waliingia mchana wanaume watano wenye bunduki, wakitafuta mbao za kuwashia moto. Walianza kuvuta mabenchi. Mama Séphora akaenda mbele, akasema kwa sauti yake ya Jumapili, "Tuko na bageni! Bageni basimame, batuambie majina na paroisse yenye banatokea." Walikuwa wamesimama tayari, lakini hilo halikumzuia. Akangoja, kidole juu, kama anangoja ndege ipite.

Mkubwa wao akavua kofia. Akasema kwa Kilingala, "Nazali mokristo, Mama," yaani yeye ni Mkristo, kisha akataja jina lake na la kanisa la kwao. Wakimbizi wakapiga makofi matatu, na watoto wakaongeza la nne. Wa pili akataja, hadi wa tano. Jamani, mtu akishataja jina la kanisa la kwao na kupigiwa makofi, kumnyang'anya mwenyeji wake benchi ni kazi ngumu. Waliondoka na benchi moja tu, lile la mguu mbovu, na hata hilo Mama aliliandika daftarini: "Limeazimwa."

Sasa nifike kwenye tangazo la Beni, maana najua ndilo mnalolingoja.

Wageni wetu wa Kikatoliki walioko hapa leo labda hawajui. Wao hututania kwamba Wapresbiteri hawajui kufunga. Kumbe sisi tunaanza kwa kula. Tangu zamani, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, paroisi yetu na paroisi ndugu ya Bungulu, kule Beni, zilikula pamoja, mwaka mmoja kwao, mwaka mmoja kwetu. Wenye ugomvi walisemezana kabla ya kunawa mikono, ili Jumatano asiwepo anayeanza kufunga akiwa na kinyongo tumboni. Februari 1998 tulikula Bungulu, samaki na sombe, na mlangoni Mama Séphora akamshika mkono mwenzake wa protokole, Mama Florentine, akamwambia, "Mwaka kesho ni kwetu. Mutakula viazi ya Kipese mupaka mukatae."

Mwezi wa nane wa mwaka huo vita vikaanza tena.

Kutoka hapa hadi Beni ni kilometa hamsini na nne tu. Mfanyabiashara mmoja mmoja alipita, akipekuliwa kwenye kila barrière ya wenye bunduki, akimshukuru Mungu alipofika. Lakini kanisa zima, na kwaya, na watoto, na akina mama wenye mimba juu ya kamio moja ya mizigo? Hapana. Januari 1999 Mama alituma barua ya mwaliko kwa mkono wa mchuuzi, na Jumapili iliyofuata akasoma hapa: "Karamu ya kuingia Kwaresima, pamoja na ndugu zetu wa Beni, itakuwa kwetu, Mungu akipenda na barabara ikifunguka." Barabara haikufunguka. Jumapili iliyofuata akasoma tena. Na iliyofuata. Kwaresima ikapita, Pasaka ikapita, Noeli ikafika, na yeye anasoma.

Katika kikao cha wazee cha mwaka 2000, Papa Zorobabel, mwenyekiti wetu, alimwambia kwa upole, "Mama, tangazo hii imezeeka sana. Tuifute." Akamjibu, "Papa Zorobabel, na weye umezeeka, mais hatukukufuta ku liste." Wazee walicheka hadi kikao kikaahirishwa. Kisha akasema bila utani, "Tangazo haiyakufa. Iko mu njia, sawa vile batu bake." Hakuna aliyeleta hoja hiyo tena.

Na asidhani mtu kwamba alisoma tu. Kila mwaka akina mama walilima kule Kipese shamba la viazi vya karamu, na kila mwaka viazi vikashuka Butembo juu ya chukudu, baiskeli zetu za mbao. Mwaka 1999 viligawiwa wajane. Mwaka 2000 vililiwa na wakimbizi humu hekaluni. Mama alivipika yeye mwenyewe, akasema mgeni ni mgeni, hata kama siye uliyemwita. Mwaka uliofuata akalima tena.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Julai 2001 Mama alilala na malaria, nami Maliro Phinées, karani wenu, nikapewa matangazo. Yalikuwa kumi. Nilisoma tisa. La kumi lilikuwa la Beni, na wiki ile kulikuwa kumetokea habari mbaya sana za barabarani. Nilifikiri ninawahurumia. Nikakunja karatasi. Pasta Jacob akasema, "Tusimame kwa baraka."

Hakuna aliyesimama.

Nilidhani hawakusikia. Pasta akarudia. Watu mia tatu wakatulia kwenye mabenchi, wanawake kwa wanaume, wananitazama mimi. Hata watoto hawakubanduka mahali pao, na hilo halijawahi kutokea. Kisha Papa Lusenge, kutoka benchi la tatu, akauliza polepole, "Na ya Beni?" Nikafungua karatasi, nikasoma: "Mungu akipenda na barabara ikifunguka." Ndipo wakasimama wote kwa pamoja. Nilipofika kumwona Mama mchana huo, habari zilikuwa zimenitangulia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Maliro, ile tangazo si ya mimi, si ya weye. Ni ya batu. Benyewe ndio banaishikilia." Sijawahi kuaibika hivyo, na sijawahi kufundishwa vizuri hivyo.

Mwaka huohuo alitimiza miaka sitini, umri wa kustaafu kwa sheria ya paroisi. Alikataa. Aliwaambia wazee, "Siwezi enda na tangazo yenye haiyatimia. Mutu hapana kuita bageni, kisha anatoka ku nyumba." Wakamwongezea mwaka mmoja, kisha mwingine. Januari hii wakaamua kwa huzuni kwamba basi, miguu yake imechoka, tarehe 2 Machi ndiyo mwisho, karamu iwepo au isiwepo. Mama aliinamisha kichwa. Sisi tunaomjua tulijua jambo hilo lilimwumiza kiasi gani. Vita vilikuwa vimekaribia Beni tena, na wakimbizi walijaa kule. Siku ya pili yake alituma watu Kipese kuchimba viazi.

Alhamisi iliyopita dereva Melchior, mtoto wa paroisi hii anayeleta mafuta ya mawese, alirudi kutoka Beni na barua ya Mama Florentine. Mama Séphora alinipa niisome kwa sauti, maana miwani yake ilikuwa jikoni. Ilikuwa fupi. Ilisema barabara imetulia wiki mbili sasa, na kwamba Ijumaa watajaribu. Kisha ikasema: "Dada, ule mwaliko ulioandika mwaka 1999 niliusoma kanisani vile ulivyouandika. Kila Jumapili, siku ya Yenga, ninausoma tena, sijaruka hata moja: tunaitwa Butembo, Mungu akipenda na barabara ikifunguka. Batu ya hapa habakubali kusimama kama siyausoma."

Nililia, na sioni haya kuliandika hapa. Miaka minne sisi tulikuwa tunashika kamba upande huu, na wao walikuwa wanaishika upande ule, na hakuna aliyejua kuhusu mwenzake. Mama Séphora alichukua barua, akaikunja, akasema, "Nilijua. Florentine hapana kukosaka kazi." Kisha akaniuliza kama sufuria kubwa ya kwaya imerudishwa.

Ijumaa nikapiga chapa stensili ya karatasi hii hadi hapa. Chini kabisa niliacha mistari tupu. Pasta Jacob akaiona, akauliza, "Na kama habafike?" Nikamjibu, "Itabaki nyeupe, Pasta." Ijumaa jioni hawakufika. Jumamosi asubuhi hawakufika. Mama alikuwa mlangoni tangu saa mbili, na kitambaa chake cha protokole begani, viazi vimekwisha kumenywa, na hakuna aliyethubutu kumwambia aketi. Kama nilivyosema, nilimwogopa kwa sababu ya kalamu nyekundu. Jana nilimwogopea.

Kabla ya kujaza mistari hiyo, nimshukuru kwa niaba ya wote. Mama Séphora, wasingya. Umetufundisha kuita watu kwa majina yao, kufagia hata siku ya risasi, na kutofuta neno tulilompa ndugu. Kuanzia Jumapili ijayo matangazo nitasoma mimi. Muniombee. Nanyi mjiombee, kwa kuwa mimi sina kidole cha kusimamisha ndege. Wewe pumzika, Mama, panda viazi vyako kule Kipese, uvile mwenyewe kwa mara ya kwanza. Maisha yako na yawe mema, marefu, na yenye wageni.

Haya ni matangazo ya leo. Jumatano saa kumi na moja ya jioni, ibada ya kuingia Kwaresima. Ijumaa, maombi ya akina mama wa dunia nzima, pamoja na majirani zetu wa Kikatoliki. Alhamisi zote, maombi na supu nyumba kwa nyumba, tukianza kwa Papa Lusenge na Mama Bénite, ambao hatimaye watafarijiwa.

Na mistari hii ninaipiga chapa Jumamosi, saa kumi ya mchana. Kamio imefika saa tisa na nusu. Wako thelathini na wanane, mavumbi hadi kwenye kope, pamoja na jogoo mmoja wa zawadi. Mama Florentine alishuka wa kwanza. Mama Séphora alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia, "Mumechelewa kidogo," na wote wawili wakakumbatiana wakabaki hivyo, na hakuna aliyewaharakisha. Halafu Mama akaniomba daftari, akatoa kalamu nyekundu mkobani, akapiga mstari mmoja juu ya maneno ambayo miaka minne alikataa kuyagusa. Kwa hiyo tangazo la Beni, la mwisho kusomwa na yeye, litasomwa leo hivi:

Karamu ya kuingia Kwaresima, pamoja na ndugu zetu wa Beni, iko kwetu, baada ya ibada. Bageni basimame.

Na sisi wote, wapendwa, tangazo limekwisha kusomwa. Tusimame.