Kadi ya Bado

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, nje ya kibanda cha Gathogo cha kutengeneza simu, chini kidogo ya soko la Machakos. Asubuhi hiyo ya Jumamosi, mwezi wa saba, baridi ya vilima vya Iveti ikiwa imeshuka mpaka mtaani, ubao ulitikisika kuliko siku zote na kahawa ikamwagikia watu vidole. Aliyeutikisa ni Musau, kwa goti lake. Tangu mwezi wa kwanza alikuwa akitafuta kadi ya grafiksi, kile kipande kinachotiwa ndani ya kompyuta ili michezo ionekane safi kwenye skrini kubwa, na kila alipoulizwa kama amenunua alijibu bado. Wakamwita Bado, na jina likamganda. Leo Bado alikuwa na mpaka saa tano tu.

Wendy wa duka la kompyuta, Nairobi, alikuwa amemwekea kadi mbili achague moja, na mtu wa pikipiki anayeleta mizigo Machakos angeondoka saa tano kamili. Nyumbani, skrini ya 4K, ya picha kali kabisa, ilikuwa na miezi kumi mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kwa sababu kompyuta ya zamani haikuiweza: mpira ulikuwa ukifika golini kabla mguu haujaupiga. Na asubuhi hiyo Ndinda, mkewe, alikuwa amesema neno lake. Kadi isipofika leo, skrini inahamia sebuleni, iwe TV, na hadithi ya kompyuta ife hapo. Ndinda hana mazoea ya kurudia maneno. Musau hufanya kazi ya shifti kiwandani kule Mavoko, na katika wiki nzima saa mbili za mchezo ndizo pekee zilizo zake. Aliogopa kuzikosa, aliogopa kweli.

— Niambieni ya mwisho, alisema. Kijani ama nyekundu?

Hizo ni rangi za kampuni mbili zinazotengeneza kadi, na benchi limegawanyika juu yazo kama linavyogawanyika kwa mpira.

— Kijani, alisema Gathogo. Yeye wanamwita Benchmark, maana ametazama kila video ya kupima kadi na hajawahi kumiliki kompyuta. Memori ni giga kumi na mbili, aliendelea, lakini iko na ule ujanja wa kukuza picha. Inachora kidogo, hiyo ingine inajaza yenyewe.

— Yaani inakisia? aliuliza Musau.

— Inakisia poa.

— Hata mimi naeza kisia, alidakia fundi wa umeme, ambaye jina lake la hapo ni Stima. Bado, skia mimi. Beba ile nyekundu kubwa, ya feni tatu. Giga kumi na sita. 4K inakula memori vibaya. Lakini usiiwashe saa moja jioni.

— Kwa nini?

— Watu wakiwa kwa koili wanapika, na wewe uwashe hiyo kitu, transfoma ya Katoloni inalala. Mtaa mzima wanakutafuta.

Goti la Musau likazidi kutikisika. Kamanthe, mwenye birika la kahawa, akamwondolea kikombe mkononi na kukiweka chini.

— Nyinyi mnabishana bure, alisema. Hizo giga zote ziko ndani tangu kiwandani. Wanafunga zingine, mwaka ujao wanakuuzia zile zile.

— Mathe, nani amekuambia?

— Nimeuza kahawa hapa miaka kumi na mbili. Nasikia vitu. Na feni za nini na hii baridi? Nunua ya feni moja, ufungue dirisha.

— Shida yenu hamjafikiria jicho, alisema Gathogo, akasimama kabisa. Mtu wa Nairobi hiyo 4K haioni, jicho lake limezoea ukuta. Sisi tumekua tukiangalia Iveti, tunahesabu mbuzi zikiwa kule juu. Jicho ya hapa inataka 8K!

— Kwa hivyo anunue gani? aliuliza Stima.

— Angoje. Mwezi wa tisa kuna mpya zinatoka.

Angoje. Neno hilo Musau alilijua. Alikuwa ameambiwa angoje mwezi wa pili, akangoja. Mwezi wa nne akaambiwa bei itashuka, akangoja, ikapanda. Ana miaka thelathini na sita, ana watoto wawili, na bado hawezi kununua kitu bila kupigiwa kura na watu wasio na kompyuta. Aliona aibu. Simu ikatetemeka mfukoni. Wendy alikuwa ameandika: *Saa nne na dakika arobaini na tano. Gani?*

Hapo ndipo Musili alipotokea, amebeba gunia begani. Musili ni mchongaji wa Wamunyu, na benchi lilikuwa halijawahi kumwona.

— Uvoo wenyu? alisalimia kwa Kikamba. Natafuta Musau.

— Hapa anaitwa Bado, alisema Stima.

Musili hakucheka. Alilitua gunia, akalifungua taratibu. Ndani mlikuwa na boksi la kuwekea kompyuta, aliloagizwa na Musau tangu mwezi wa kwanza, limechongwa kutoka gogo moja la mti wa mukau, halina msumari wala gundi, na ubavuni lina matundu madogo madogo ya kupitisha hewa. Musau alikuwa amemsihi asiweke twiga. Musili alikuwa ameweka mmoja, mdogo, karibu na tundu la feni.

— Imekamilika. Nimechelewa, huo mti ulikuwa mgumu.

— Aiya! Kazi safi, alisema Gathogo, akichungulia ndani. Lakini ni fupi. Feni tatu haiingii hapa. Hata ile ya kijani haiingii. Hizo zote zinapita sentimita thelathini. Panua kidogo, fundi.

— Nipanue nini? Hii ni gogo moja. Nikitoa tena inabaki ganda.

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa Musau. Musau aliutambua mwandiko wake mwenyewe, wa mwezi wa kwanza, wiki moja kabla hajaanza kuliuliza benchi. *Nyekundu ndogo. Feni mbili. Giga 16. Urefu sm 25.* Chini amepiga mistari miwili, kama mtu aliyekuwa na hakika.

— Nilichonga ya hii uliandika, alisema Musili. Ilikuwa na shida gani?

Stima aliangalia nyaya za stima juu kana kwamba jibu lilikuwa huko. Kamanthe akainamisha birika, likatoa matone mawili ya mashapo.

— Kahawa imeisha, alisema kwa sauti ndogo.

Musau alipiga simu, akaiweka kwenye spika.

— Wendy, achana na hizo mbili. Ile nyekundu ndogo ya feni mbili, iko?

— Hiyo? Wacha nicheki stoo.

Walisikia viatu vyake vikienda, droo ikifunguliwa, mtu akiitwa. Zilikuwa zimebaki dakika sita. Musau aligundua kwamba ubao umetulia.

— Iko moja. Boksi yake imebonyea kona, lakini kadi ni mpya.

— Mpe mtu wa pikipiki.

— Una uhakika? Wewe huwa unaniambia nikungojee uulize watu.

— Mpe, Wendy.

Akakata simu. Alimshika Musili mkono kwa mikono yake miwili na kushukuru. Kisha akalikumbatia boksi, twiga akiangalia mbele, akashika njia ya nyumbani kwenda kumwonyesha Ndinda kabla skrini haijahamishwa.

Alikuwa amefika kwa muuza ndizi Gathogo alipopaza sauti nyuma yake.

— Bado! Na power supply yako ni wati ngapi? Itabeba hiyo kadi?

Musau hakugeuka. Aliongeza mwendo, asije akasikia mengine.