Shangazi Anatuaga: Miaka Thelathini na Mmoja, na Barua Zilizogoma Kufunguka

Kwanza naomba radhi. Wasifu huu niliombwa kuuandika wiki sita zilizopita, na mhasibu wetu, ambaye ndiye mhariri wa jarida hili, ameuulizia mpaka akachoka, sasa ananitazama tu. Mtoto anaota meno. Kila nikishika kalamu, naye anataka kuitafuna. Leo amelala mapema, kwa hiyo naandika haraka kabla hajabadili mawazo.

Shangazi, mhudumu mkuu wa ofisi hii, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kutumika kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Alipoajiriwa, ofisi yetu ya upimaji wa viwanja ilikuwa vyumba viwili na taipureta moja isiyo na herufi ya k. Kazi yake ya kwanza, mbali na kufagia, ilikuwa kujaza kila k kwa kalamu kabla barua haijatoka. Anayeijua lugha yetu ataelewa kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Ndiyo maana mpaka leo Shangazi anasoma kila karatasi inayopita mbele yake, iwe inamhusu au haimhusu.

Amefanya kazi chini ya wakuu watano. Wote walimwita Shangazi, hata huyu wa sasa anayemzidi umri kwa miaka miwili. Mpima wetu alipozoea kuingia na matope kutoka viwanjani, Shangazi hakupiga kelele. Aliyachukua mabuti yake yakiwa mlangoni, akayafungia stoo, na mpima akahudumia wateja siku nzima akiwa na soksi, moja ikiwa na tundu kwenye kidole gumba. Mabuti yalirudi jioni, yameoshwa. Matope hayakurudi tena.

Lakini jambo ninalotaka libaki kwenye kumbukumbu za ofisi ni la mwaka jana, na linanihusu mimi.

Nilirudi kutoka likizo ya uzazi siku ya Jumatatu, mkataba wangu ukiwa umebakiza mwezi mmoja. Kazi yangu masijala ni kuandika na kutoa barua za kuwajulisha wateja kwamba viwanja vyao vimepimwa. Kabla ya likizo, nilikuwa nikibofya faili linafunguka. Jumatatu hiyo nilibofya, nikangoja. Nikatazama saa ya ukutani. Dakika mbili na nusu kwa barua ya ukurasa mmoja! Shangazi akachomeka birika la umeme, likachemka, akamimina chai, na barua bado haijafunguka.

Foleni dirishani ikawa inafika mpaka kwenye ngazi. Aliyenishikia nafasi wakati wa likizo hakuwahi kuwa na foleni, na hilo lilisemwa koridoni kwa sauti ya kutosha ili nilisikie. Wengine hawakuona tatizo lolote kwa sababu masijala ndiko barua zinakoandikwa. Mchoraji anafungua ramani zake, mhasibu ana majedwali yake, mpima yuko nje. Mkuu alipopita nyuma yangu mara mbili na kunikuta nimeshika tama mbele ya kioo cheupe, akajumlisha mwenyewe: mzazi huyu ana usingizi.

Fundi wa kompyuta aliitwa. Alibadilisha waya, akapuliza vumbi kwenye kile kisanduku chenye taa za kijani kinachogawa mtandao, akakizima na kukiwasha. "Sasa itaruka," akasema. Haikuruka. Alirudi wiki iliyofuata, akatangaza kwamba vitu vya ofisi hii vimezeeka, na aliposema hivyo jicho lake likapita kwa Shangazi. Siku hiyo hakuongezewa chai. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba mtandao ni mzima na tatizo ni mtumiaji. Mtumiaji ndiye mimi. Nikajua unga umemwagika.

Shangazi aliisoma ripoti hiyo kabla Mkuu hajaisoma, kama kawaida yake. Mchana, watu walipokwenda kula, alinisimamisha. "Mwanangu, hamia kwenye kiti cha mchoraji. Fungua barua yako hapo." Nikafungua. Dakika mbili na nusu. "Haya, rudi kwako, fungua ramani ya mchoraji." Ilikuwa ramani ya mtaa mzima, faili zito kuliko yote tuliyo nayo, na ilifunguka hata sijakaa vizuri. Shangazi akakunja mikono kifuani. "Waya ni uleule na wewe ni yuleyule. Basi si waya na si wewe. Hizi barua zina jambo lao."

Tulikuwa bado tunajiuliza ni jambo gani, Mkuu akaniita ofisini kwake.

Aliniambia nikae. Akasema ameandika barua yeye mwenyewe kwenye kompyuta yake, angependa niisome mbele yake kabla hajaichapa. Nilielewa ni barua gani. Mkuu akabofya. Tukangoja. Akabofya tena, kwa nguvu, kama anayegonga mlango wa jirani mwenye redio. Kioo cheupe. Mimi nikatazama sakafu, yeye akatazama kioo. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile, na nimezaa.

Shangazi akaingia na sinia. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akamtazama Mkuu.

"Na kompyuta yako nayo ina mtoto mchanga, Mkuu?"

"Shangazi, weka chai uende."

"Chai nimeweka. Kwenda siendi." Akanigeukia. "Hizi barua zilianza kugoma lini?"

"Jumatatu ile niliyorudi."

"Jumatatu ile..." Akasimama na sinia tupu mkononi. "Jumatatu ile mimi nilizima nini?"

Hapo inabidi nieleze. Kwenye kona ya chumba cha ramani kuna kompyuta ya mchoraji wa zamani, Mzee Rula, aliyestaafu miaka minne iliyopita. Haikuwa na mtu, lakini Shangazi aliambiwa zamani kwamba kila asubuhi awashe kompyuta zote, na hakuna aliyemwambia aache, kwa hiyo aliiwasha kila siku kwa miaka minne. Kisha Mkuu akatoa waraka wa kubana umeme: kisichotumika kizimwe. Waraka ulianza kazi Jumatatu ileile niliyorudi. Shangazi akaizima, akaichomoa, akaifunika kitambaa.

Tulisikia kandambili zake zikikimbia koridoni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mkuu akakata tamaa, akaifunga ile barua. Baada ya muda sauti ikatoka kule mwisho: "Fungua!"

Mkuu akabofya. Barua ikajaa kioo kizima hata kidole chake hakijanyanyuka.

Hakuna aliyekuwa amefikiria kinachofuata. Kinachofuata ni kwamba sasa barua ilikuwa wazi, na Shangazi alisharudi akihema, amesimama nyuma ya Mkuu, anasoma.

"Mstari wa tatu umeandika mzembe. Mzembe nani?"

Mkuu akakohoa. Akaifunga barua. "Nilikuwa najaribu mashine," akasema.

Fundi alikuja mara ya tatu, akakuna kichwa, akaeleza bila kutazama mtu. Barua zetu zote zilinakiliwa kutoka kiolezo kimoja, ile karatasi yenye nembo na kichwa cha ofisi, ambacho Mzee Rula alikitengeneza na kukiweka kwenye kompyuta yake. Kila barua ikifunguliwa, kwanza inakwenda kukitafuta kiolezo chake. Kompyuta ikiwa imezimwa, barua inabisha hodi, inangoja, inabisha tena, inakata tamaa, ndipo inafunguka. Ramani hazina kiolezo, ndiyo maana hazikungoja mtu. Alihamisha kiolezo kwenye kompyuta kuu na kuzielekeza barua zote huko, kazi iliyomla mchana mzima. Shangazi alimpa chai kikombe kizima, akasimama pale mpaka akaimaliza.

Kwenye kikao cha wafanyakazi, Shangazi alisimama mwenyewe na kusema kwamba aliyeizima kompyuta ile ni yeye, si mama wa mtoto. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na angeweza kunyamaza. Mkuu akatafuta wa kulaumiwa, akakumbuka waraka ulikuwa na sahihi ya nani, akafunga kikao. Ijumaa yake mkataba wangu uliongezwa miaka miwili.

Kwa hiyo, Shangazi, asante. Asante kwa k zote, kwa soksi za mpima, na kwa kukataa kutoka chumba kile. Ofisi nzima inakuombea usingizi mtamu, magoti yasiyolalamika, na asubuhi ndefu za kukaa tu, chai ukiletewa wewe.

Kwa kuwa nimebaki, Mkuu ameamua kwamba kuanzia Jumatatu mimi ndiye nitakayefungua ofisi mpaka apatikane mhudumu mwingine. Hivyo bado nahitaji unitumie haya, kwa maandishi tafadhali, maana ya mdomo nayasahau: namba ya yule fundi bomba anayepokea simu, kipimo cha majani kwa chupa kubwa na kwa chupa ndogo ya wageni, jina la mafuta unayopaka bawaba za mlango wa nyuma, soketi ipi ya koridoni haitakiwi kuchomekwa kitu, na siku utakayokuja kumwona mtoto, pamoja na saa, ili nimwambie mlinzi asikuandike kwenye daftari la wageni.